Naomba ushauri: seva mbili, Arusha na Moshi, kilo hazilingani na Ijumaa tunalipa wakulima

Kijana wa Njiro:
Habari za jioni wakuu. Siku ya nne hii sijalala vizuri. Nasimamia mifumo ya chama kimoja cha wakulima wa kahawa. Databesi yetu ni MariaDB. Seva mama iko Arusha, nakala iko Moshi, na kila kinachoandikwa Arusha kinatakiwa kifike Moshi kwa njia ya binlogi, yaani logi ya mabadiliko ambayo nakala inaifuata. Karani wa Moshi anachapa orodha za malipo kutoka kwenye nakala, maana mtandao wa kwenda Arusha hauaminiki.

Sasa jumla ya kilo za kahawa ya maganda Arusha ni nyingine na Moshi ni nyingine. Nikiangalia hali ya nakala, nyuzi zote mbili (unaopokea mabadiliko na wa SQL unaoyatekeleza) zinafanya kazi na Seconds_Behind_Master, yaani sekunde ambazo nakala imechelewa, inasoma 0. Kwa hiyo nimeona hii ni hitilafu ya MariaDB yenyewe na nataka niwaripotie. Ila ripoti isiyo na kesi ya majaribio inakaa muda mrefu bila kushughulikiwa. Mwenye uzoefu wa kuziandika anielekeze tafadhali. Ijumaa tunalipa.

Boda wa Kiboriloni:
Hamia PostgreSQL mkuu, utalala.

Mzee wa Mawenzi:
Mdogo wangu, mimi kompyuta sijui, lakini kahawa naijua. Marehemu baba alikuwa anapeleka kahawa chamani na daftari lake mkononi. Karani akiandika kilo, na yeye anaandika. Siku ya malipo yakitofautiana, hakuna anayeondoka mpaka ieleweke. Ushirika wa kahawa hapa Kilimanjaro ni wa siku nyingi, KNCU, chama kikuu cha ushirika, ni ya mwaka 1933, na wakati huo wote kilichomlinda mkulima ni karatasi yake. Ninyi vijana mmeondoa karatasi, mkaleta mashine mbili ambazo zenyewe haziaminiani. Mwogope Mungu, hiyo ni ada ya shule ya mtoto wa mtu.

Kijana wa Njiro:
Shikamoo mzee. Karatasi hatujaziondoa, stakabadhi zipo. Naomba turudi kwenye swali.

Binti Tengeru:
Kaka, nitakujibu ulichouliza, halafu na mimi nina swali.

MariaDB ina mfumo wake wa majaribio, unaitwa mtr. Majaribio ya replikesheni, yaani nakala kumfuata mama, yako kwenye suite/rpl. Hatua unaziandika kwenye faili la .test ndani ya saraka ya t, na matokeo unayotarajia yanakaa kwenye faili la .result ndani ya saraka ya r. Mwanzoni unaita include/master-slave.inc, ambayo inakuwashia seva mama na nakala kwenye mashine hiyo hiyo moja. Unatengeneza jedwali, unaandika upande wa mama, unaita sync_slave_with_master ili nakala ifike pale mama alipo, kisha unalinganisha majedwali kwa diff_tables.inc. Unafuta ulivyotengeneza, unafunga na rpl_end.inc.

Tafadhali sana, usiandike "subiri sekunde tano" katikati ya jaribio. Kwenye laptop yako litapita, kwenye mashine iliyolemewa litafeli, na watu watapoteza siku nzima wakiwinda hitilafu ambayo haipo. Subiri tukio lenyewe. Kama tatizo linajitokeza mara moja moja, endesha kwa --repeat=100 uone linaanguka mara ngapi. Na jaribio liwe dogo: kila mstari ambao ukiutoa tatizo bado lipo, utoe. Jaribio la kuaminika linafeli kabla ya marekebisho na linapita baada yake. Lisipofeli kwanza, hujaonyesha kitu.

Swali langu: binlog_format yako, yaani namna binlogi inavyoandika mabadiliko, ni ipi?

Kijana wa Njiro:
Asante sana dada. Ni STATEMENT. Faili la mipangilio tulilihamisha kutoka seva ya zamani.

Binti Tengeru:
Basi tuanzie hapo. Kwa STATEMENT, nakala haipokei mistari iliyobadilika, inapokea sentensi ya SQL na kuitekeleza upya yenyewe. Sentensi ikiweza kutoa majibu mawili, utapata majibu mawili. UUID(), inayotoa jibu jipya kila ikiitwa, ni mfano mmoja. UPDATE yenye LIMIT bila ORDER BY, yaani inayobadilisha mistari kadhaa bila kusema ipangwe vipi, ni mwingine. Ndiyo maana MariaDB tangu 10.2.4 inaanza na MIXED, inayotuma mistari yenyewe pale sentensi si salama, na MySQL tangu 5.7.7 inaanza na ROW, inayotuma mistari. Una sentensi za namna hiyo?

Kijana wa Njiro:
Ipo moja. Tunapanga wakulima kwenye makundi ya malipo hamsini hamsini, kwa LIMIT 50. Nimeijaribu kwa mtr sasa hivi, imepita. Majedwali yamelingana. Kwa hiyo siyo hiyo, ni hitilafu yao. Kwenye logi ya Moshi naona kosa 1062 limejirudia rudia, nadhani limetokana na hiyo hitilafu.

Nyumba ya Mawe:
Hapo umeniacha. 1062 ni namba kujirudia kwenye ufunguo. Nakala ikikutana na 1062, uzi wa SQL unasimama, na ukisimama Seconds_Behind_Master inasoma NULL. Wewe umetuambia inasoma 0 na nyuzi zote zinafanya kazi. Vitu hivyo viwili havikai nyumba moja. Wakuu, hii ni chai. Mtu amesoma mahali akaja kutupima.

Boda wa Kiboriloni:
Chai ya tangawizi kabisa. Mimi nilishaanza kumwonea huruma.

Mama Wawili Soweto:
Mwacheni kijana. Mwaka jana nilileta habari ya mwanangu hapa mkasema chai, na mwanangu alikuwa amelazwa kweli. Mtu akiwa na hofu haelezi vitu kwa mpangilio.

Nyumba ya Mawe:
Pole mama, sikukusudia hayo. Lakini hesabu yake haifungi. Aweke mipangilio ya seva ya Moshi hapa tuione.

Kijana wa Njiro:
Siyo chai. Kwenye mipangilio ya Moshi kuna slave_skip_errors=1062. Niliiweka wiki tatu zilizopita. Nakala ilikuwa inasimama kila asubuhi, karani ananipigia simu wakulima wamejaa dirishani. Kwanza nilikuwa naruka kosa moja moja kwa mkono, baadaye nikaona niliweke moja kwa moja. Ni uamuzi wa mtu aliye peke yake kazini, na data ya Arusha ilikuwa salama muda wote.

Nyumba ya Mawe:
Sawa, nafuta neno langu, sasa imefunga. Ndiyo maana inasoma 0: kosa linatokea, linarukwa, uzi unaendelea kama hakuna kitu. Na kule ulikoruka kwa mkono, ukiruka moja umeruka muamala mzima, siyo mstari mmoja. Swali sasa: namba inajirudiaje kwenye nakala ambayo haiandikwi na mtu? Nani anaandika Moshi?

Kijana wa Njiro:
read_only iko ON tangu siku ya kwanza, nakala ni ya kusoma tu.

Nyumba ya Mawe:
Sijauliza hilo. Programu ya karani inaingia kwa jina gani?

Kijana wa Njiro:
Root.

Binti Tengeru:
Kaka yangu. Root ni msimamizi mwenye haki zote, hazuiwi na read_only.

Kijana wa Njiro:
Najua. Msimu ulipochanganya, mtandao ulikatika siku mbili. Mkulima ametoka Kibosho na gunia kichwani, utamwambia arudi nalo? Nikamwambia karani apokee hapo hapo kwenye nakala, nikitegemea kwamba mtandao ukirudi nitahamisha. Ukarudi, ukakatika tena, ikawa kawaida. Sikuleta hili mwanzo kwa sababu nilijua mtaishia hapo na hamtanisaidia kwenye jaribio. Bado naamini kumpokea yule mkulima kulikuwa sahihi.

Mzee wa Mawenzi:
Kumpokea kulikuwa sahihi. Kunyamaza ndiyo kosa.

Binti Tengeru:
Usibishane, muda hautoshi. Angalia kilichotokea. Moshi imempa mkulima wa Kibosho namba, tuseme 8041. Arusha haijui, nayo imempa mkulima wa Arumeru 8041 hiyo hiyo. Sentensi ya Arusha imefika Moshi, ikakuta kiti kimekaliwa, ikarukwa. Sasa wa Kibosho hayupo Arusha na wa Arumeru hayupo Moshi, na orodha ya malipo inachapwa Moshi.

Najua unachotaka kufanya usiku huu: kufuta nakala na kuijenga upya kutoka Arusha. USIIFUTE. Wakulima wa Kibosho wako kwenye hiyo seva tu, hawako kwingine. Zima programu ya karani, toa jedwali la mapokezi la Moshi, lipeleke Arusha kwa jina jingine, linganisha namba kwa namba na stakabadhi. Wote wakishaingia Arusha kwa namba mpya, hapo ndipo uijenge nakala upya kwa mariadb-backup. Karani apewe jina lake lisilo na haki za root, slave_skip_errors iondoke, binlog_format iwe MIXED. Siku mkihitaji kuandika pande zote mbili, auto_increment_increment iwe 2, namba ziruke mbili mbili, upande mmoja upate namba witiri na mwingine shufwa.

Na jaribio lako la LIMIT limepita kwa sababu majedwali yote mawili yana faharasa (index) zile zile, kwa hiyo yanasomwa kwa mpangilio mmoja. Moshi uliongeza faharasa?

Kijana wa Njiro:
Niliongeza moja, ili orodha zichapwe haraka.

Binti Tengeru:
Iongeze kwenye jaribio, upande wa nakala tu.

Kijana wa Njiro:
(Jumatano, saa nne usiku) Mrejesho wakuu. Kwa faharasa upande mmoja, jaribio linafeli kwenye STATEMENT na linapita kwenye MIXED. Siripoti kitu MariaDB, walishaonya wenyewe kwenye logi kwamba sentensi ile si salama na sikusoma. Nimemweleza meneja yote. Hakufurahi, ila amenipa makarani wawili.

Namba zilizogongana ni 61. Tumekaa na vitabu vya stakabadhi tangu asubuhi, 58 zimepata wenyewe. Tatu kopi yake ya kaboni imefifia, kilo zinasomeka lakini jina halisomeki.

Mzee wa Mawenzi:
Za wapi hizo tatu?

Kijana wa Njiro:
Zote Kibosho, siku moja ya mvua.

Mzee wa Mawenzi:
Mkulima ana kopi yake nyumbani, hiyo hafifishi mtu. Kesho asubuhi panda mapema na karani aliyepokea siku hiyo, anawajua kwa sura. Mimi niko huku huku, nitakusubiri stendi.