Kofia ya ukili inajikunja kama bakuli

Nasuka ukili, yaani mkanda wa miyaa (majani ya kusukia), upana wa vidole viwili. Nikiushona kwa kuzungusha, utosi wa kofia unainuka badala ya kulala bapa. Nakosea wapi?

— Ukili mpana haupindi vizuri, ndugu. Kwa kofia tumia wa sentimita 1. Huo mpana ushonee mkoba. Tena unauvuta ukili unaposhona: mzunguko wa nje ni mrefu kuliko wa ndani, basi ulegeze kidogo kila mshono. Utosi ukitosha, ndipo uvute, kuta zishuke. Ukingoni legeza tena, ila ukizidisha utapata mawimbi.

— Na miyaa inyunyizie maji tu, usiiloweke. Ikisukwa imerowa chepechepe, hunywea ikikauka, ukili ukaachia mianya.