Nimenunua boti iliyotumika Dar es Salaam: niivuteje hadi Tanga, na nianze kutengeneza nini?

MgeniBaharini
Habari zenu wakubwa. Mwezi uliopita nilinunua boti ya faiba ya futi 19, pamoja na tela la ekseli moja na mashine ya Yamaha ya nguvu za farasi 75, ile ya kuchanganya oili na petroli. Mwenyewe wa awali aliitumia kwa uvuvi, kisha ikakaa uani juu ya tela karibu miaka miwili. Nataka kuivuta kwa Hilux kupitia Chalinze na Segera, takriban kilomita 350, na sijawahi kuvuta tela maishani mwangu. Naomba mnieleze niangalie nini kabla ya kuondoka, kwa kuwa fedha niliyobakiwa nayo ni kidogo na sipendi kuitumia pasipostahili.

FundiChumbageni
Karibu, ndugu. Usitoke Dar es Salaam kabla hujafungua beringi za magurudumu. Tela la boti hupatwa na jambo ambalo tela la mizigo halilijui: gurudumu hufika ufukweni likiwa la moto, likatumbukizwa majini, hewa iliyomo ndani ya habu (kitovu cha gurudumu zinamokaa beringi) ikapoa ghafla na kusinyaa, na maji ya chumvi yakafyonzwa kupitia sili iliyochoka. Kwa nje huoni kitu, ilhali ndani grisi imekuwa uji wa kijivu na kutu imeanza kula beringi. Weka beringi na sili mpya, tumia grisi isiyooshwa na maji, na ubebe seti moja ya akiba pamoja na tairi na jeki inayoenea chini ya ekseli. Baada ya kilomita 20 au 30 simama uguse kila habu. Uvuguvugu hauna neno, lakini ikiwa huwezi kuacha kiganja hapo, usiendelee.

Jambo la pili ni mgawanyo wa uzito. Sehemu ya mbele ya tela, pale linaposhikana na gari, inapaswa kubeba takriban asilimia 7 hadi 10 ya uzito wote. Kwa tela na boti vyenye kilo 1,200 ni kilo 84 hadi 120, na unaweza kuipima kwa mizani ya magunia. Ikiwa nyepesi mno tela litayumba unapoongeza mwendo, na dawa yake ni kuisogeza boti mbele au kuhamisha tangi la mafuta. Likianza kuyumba njiani, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani bila kuukatakata, wala usikanyage breki kwa nguvu. Minyororo ya usalama ipishane chini ya kiungo, na tezi, yaani nyuma ya boti, ifungwe kwa mikanda kwenye tela lenyewe, maana kamba ya omo, yaani ya mbele, peke yake haitoshi.

MkaziKigombe
Namuunga mkono fundi, ila mimi ningeanza na ubao wa tezi, yaani pale mashine inapoangikwa. Boti nyingi za faiba zina mbao ndani ya ukuta huo, na maji yakishaingia kwenye matundu ya bolti, mbao huoza huku rangi ya nje ikiendelea kung'aa. Gonga kwa mpini wa nyundo kuanzia pembeni ukielekea katikati: sauti kavu ni njema, sauti nzito iliyofifia ni ya kutiliwa shaka. Kisha inua mashine, uitikise kwa mikono miwili, na mwenzako atazame kama ukuta unacheza. Ukicheza, usivute boti ikiwa na mashine mahali pake. Ishushe uipakie garini.

Kuhusu mashine, usiiwashe kavu hata kidogo, kwa kuwa impela, ile inayosukuma maji ya kupoza mashine, ni ya mpira na bila maji huungua upesi. Badilisha impela kwanza, kwani mpira uliokaa miaka miwili umeshapinda na kukakamaa. Mwaga petroli yote ya zamani na usafishe kabureta. Legeza skrubu ya chini ya giaboksi: oili ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na mara nyingi chanzo chake ni mshipi wa kuvulia uliojizungusha nyuma ya pangaboi (propela) na kuikata sili. Oili ya kuchanganya iwe yenye alama ya TC-W3, si ya pikipiki. Ukishaanza kazi, kila urudipo kutoka baharini isafishe mashine kwa maji yasiyo na chumvi kwa dakika 10 au zaidi, na zinki, kile kipande kinacholiwa na kutu badala ya mashine, ikiliwa hadi nusu, ibadilishe.

Kizibo cha ngama, yaani cha tundu la kutolea maji chini ya boti, kiondoe safarini ili maji ya mvua yatoke, lakini kifunge pamoja na ufunguo wa gari ili usikisahau siku ya kushusha boti. Usajili na ukaguzi kwa Tanzania Bara uulizie TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) mapema.

MgeniBaharini
Nashukuru sana. Leo nimefungua habu zote mbili: ya kushoto ni nzima, ya kulia beringi ya ndani imeshika kutu hadi ilibidi ing'olewe kwa nyundo. Ubao wa tezi unatoa sauti kavu kote na hauchezi. Oili ya giaboksi, hata hivyo, imetoka ya maziwa, na nyuma ya pangaboi tumekuta mshipi kama alivyosema MkaziKigombe. Nitanunua beringi na sili kwanza, niivute boti hadi Tanga, kisha giaboksi ifunguliwe huko na haitagusa maji ya chumvi kabla ya hapo.

FundiChumbageni
Sawa, lakini usiiache giaboksi tupu safarini. Ijaze oili mpya leo hii ili giya zisishike kutu, na uinue mashine kwa gogo imara, usitegemee kishikio chake peke yake.