Mume anafoka ila hapigi: mshauri nasaha atamsaidia, au ni kupoteza hela?

Binti wa Makorora
Habari za jioni wakubwa. Nina shoga yangu hapa Dar, yuko kwenye ndoa, watoto wawili. Mume hajawahi kumgusa hata kwa kofi. Ila mdomo! "Mjinga wewe, kwenu walikufundisha nini? Ningejua ningemuoa mdogo wako." Mbele ya watoto, mbele ya dada wa kazi. Akishamaliza kufoka anaoga, anavaa, anaenda kuangalia mpira kana kwamba hakuna lililotokea. Wazee wamekaa kikao, shoga kaambiwa avumilie kwa kuwa "hupigwi". Sasa kaelekezwa kwa mshauri nasaha, elfu hamsini kwa saa, waende wote wawili, na bwana amekubali. Hapo ndipo nilipopata wasiwasi. Mtu wa hivi anabadilika kweli kwa kuongeleshwa? Na kwa nini bodi za usuluhishi wa ndoa zisiwalazimishe watu hawa kupata ushauri wa hasira kwanza, ndipo waambiwe warudiane?

Mtemi wa Goba
Elfu hamsini kumlipa mtu asiyekujua? Hizo ni kilo kadhaa za nyama. Mwanaume hafoki bila sababu, chunguza vizuri utakuta huyo shoga yako anajibu. Mimi nikiudhiwa sifoki wala sipigi. Nasusa chakula siku tatu, adabu inarudi yenyewe.

Mama Wawili
Umesema unasusa nini? Mtu katoka kazini, kakuna nazi, kapika, unakifunika kawa na kwenda kulala, halafu unaona hujamnyanyasa mtu?

Mtemi wa Goba
Nakula kwa mama ntilie kwa pesa yangu. Unyanyasaji uko wapi?

Dogo wa Mbagala
Yaani siku tatu unakula wali maharage umekaa kwenye benchi la mbao, ili umkomoe mtu aliyebaki nyumbani na pilau lake? Mkuu, hapo aliyekomolewa ni nani?

Wakili wa Kijiweni
Kabla hamjahamia jikoni wote. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inakataza kumchapa mwenzi, hiyo wengi mnaijua. Wasichokijua hao wazee ni kwamba kifungu cha 107, kinapotaja dalili za ndoa iliyovunjika, kinasema ukatili wa mwili *au wa akili*. Kwa hiyo "hupigwi" siyo jibu la kisheria. Kuhusu bodi, dada, haina meno ya kumlazimisha mtu ushauri. Inasikiliza, inapatanisha, ikishindwa inaandika hati kwamba imeshindwa, na bila hati hiyo mahakama haipokei ombi la talaka. Isipokuwa mambo machache: mwenzi katoroka hajulikani alipo, kafungwa miaka mitano au zaidi, kagoma kwa makusudi kufika bodi, na mengine ya namna hiyo. Kuna kesi zimepanda mpaka Mahakama ya Rufani zikaanguka kwa sababu ya hati ya bodi tu. Kwa hiyo asipuuze karatasi.

Mtemi wa Goba
Nyie wasomi ndio mnaovunja ndoa za watu. Mtu kaomba ushauri unampa vifungu vya talaka.

Wakili wa Kijiweni
Nimejibu swali la bodi. Wewe hujajibu lolote zaidi ya kutueleza ratiba yako ya chakula.

Mswahili wa Mvita
Huku kwetu Kenya kuna sheria ya 2015 ya kukinga watu na ukatili wa nyumbani, na imetaja waziwazi unyanyasaji wa kihisia. Unaweza kuomba amri ya mahakama ya kukulinda. Lakini hebu nenda kituoni umwambie askari "ananitukana" uone utakavyoangaliwa.

Hapa Kazini
Mimi ni afisa ustawi wa jamii, wilaya siitaji. Dada mleta mada, wasiende pamoja, angalau mwanzoni. Nimeshawakaribisha wengi wa namna hiyo. Namuuliza mke swali, kabla ya kujibu anamtazama kwanza mume usoni. Mume anatabasamu, ana adabu zote, ananiita "mama". Mke akithubutu kusema ukweli, atalipia kwenye gari wakirudi. Kisha wiki nzima ataambiwa "hata mshauri aliona wewe ndiye unayeanzisha". Ndiyo maana wengine wanakubali haraka kwenda.

La pili, tuache kuita hasira kila kitu. Muulizeni huyo bwana kama bosi wake amewahi kuitwa mjinga. Trafiki akimsimamisha barabarani anasema "samahani afande" kwa sauti laini kabisa. Hasira anayo, lakini anajua pa kuimwaga. Mtu anayemfokea kila mtu, akajuta, akataka kuacha, huyo ushauri wa hasira unamsaidia. Anayechagua wa kumfokea anahitaji kwanza akubali kuwa anachagua, na wanaume wengi hapo ndipo wanapoinuka na kuondoka.

Baba Esta
"Wanaume wengi." Nilijua tu tutafika hapa. Mke wangu akinuna ananuna wiki mbili. Salamu haitiki, simu hapokei, watoto ndio wanatumwa: "Mwambie baba yako gesi imeisha." Nilikwenda dawati la jinsia, afande akaniuliza kama nina uhakika sijakosea mlango. Wote pale wakacheka. Mada za aina hiyo humu haziletwi.

Hapa Kazini
Pole baba Esta, na sitanii. Kumnunia mtu wiki mbili ili anyenyekee ni unyanyasaji, afanye mke afanye mume. Na kususa chakula kupo kwenye fungu hilohilo.

Mtemi wa Goba
Mmenirudia tena. Basi nikikasirika nifanyeje? Nisifoke, nisinune, nisisuse, nicheze ngoma?

Mama Wawili
Useme "nimeudhika na jambo fulani". Mdomo si unao? Humu mbona unaandika aya nzima.

Bi Kirembo
Mimi naona kosa linaanza mapema. Mwari anafundwa, anawekwa ndani na somo, ana kitchen party, anaambiwa mume ni nani na anyenyekewe vipi. Bwana harusi anafundwa na nani? Anapewa nasaha dakika kumi siku ya kufunga ndoa, huku picha zinapigwa. Halafu tunashangaa hajui kuongea na mtu.

Dogo wa Mbagala
Bi mkubwa, sisi Wakatoliki tunasoma mafundisho ya ndoa wote wawili, bwana na bibi.

Bi Kirembo
Mwanangu, mnasoma ili mpate cheti. Jirani yangu alisoma, naye anafoka mpaka mbwa wangu anaingia uvunguni.

Mtemi wa Goba
Mbwa ndani ya nyumba? Na wewe ni wa Tanga kweli?

Bi Kirembo
Nimesema uvungu wa gari. Soma.

*(Hapa zimepita kurasa mbili za mbwa.)*

Binti wa Makorora
Jamani, turudi. Nimeongea na shoga. Bwana anasema ataenda kwa sharti moja: mshauri awe mwanaume, na awe yule mzee anayemjua yeye. Na hela atatoa yeye.

Mtemi wa Goba
Hapo sasa hata mimi nakataa. Mshauri kamchagua mume, anamlipa mume. Atasema nini zaidi ya kumsifu anayemlipa?

Mama Wawili
Mungu mkubwa, leo tumekubaliana.

Wakili wa Kijiweni
Na aanze kuandika tarehe na maneno yaliyosemwa, kwenye daftari asiloliona mume. Siyo lazima iwe kwa ajili ya talaka. Akija kuulizwa bodi "alisema nini, lini", asibaki na "huwa ananitukana" tu.

Binti wa Makorora
Na kama hana elfu hamsini yake mwenyewe?

Hapa Kazini
Aje ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yake, peke yake. Halipi kitu. Ila asije Jumatatu, siku hiyo tunajaa kesi za matunzo ya watoto, atakaa kwenye foleni mpaka saa tisa.