Naomba ushauri: nikirudi kinyumenyume tarumbeta inatikisika

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Naishi Ohio, nina miaka 20, napiga tarumbeta. Desemba naenda kwenye majaribio ya kikosi kinachoshiriki mashindano ya DCI (Drum Corps International, mashindano ya vijana wa Marekani wanaopiga ngoma na tarumbeta huku wakitembea kwa mpangilio uwanjani), na ukomo wa umri unanikaribia.

Kwenda mbele sina shida: kisigino kinatangulia, unyayo unalala taratibu hadi vidoleni, hatua 8 kwa kila yadi 5, yaani kama sentimita 57 kwa hatua moja. Kurudi nyuma ndiko kunakonitesa. Unatakiwa ubaki juu ya vidole, visigino visiguse chini. Nikifika hatua ya kumi na mbili hivi, kisigino cha kushoto kinadondoka. Mdogo wangu alinirekodi kwa simu: ncha ya mbele ya tarumbeta inazama kila mguu huo ukitua, na sauti inakatika hapohapo.

Baba, aliyepitia gwaride la JKT, ananiambia nikanyage kwa nguvu. Namheshimu sana, lakini huku kishindo ndicho kinachoharibu sauti.

Mliopitia haya, mliimarishaje mashavu ya miguu? Na mazoezi yawe kila siku au nipumzishe? Asubuhi nashuka ngazi kwa kushikilia ukuta.