Plaki kwenye mshipa wa shingo: ultrasaundi, CT au MRI?

Kijana_wa_Mzee
Wakuu, naombeni mawazo. Juzi baba alishikwa na ganzi mkono wa kulia, ulimi ukawa mzito, na baada ya muda mfupi akarudi sawa. Akapigwa ultrasaundi ya shingo. Ripoti inasema karotidi ya kushoto (mshipa mkubwa wa shingo unaopeleka damu kichwani) ina plaki laini, yaani utando wa mafuta ulioganda kwenye ukuta wa mshipa, mshipa umebanwa asilimia 50 hadi 69, kasi ya damu sentimita 190 kwa sekunde. Sasa daktari anataka CT (picha za eksirei za kompyuta) yenye dawa ya mshipani, na figo za baba si nzuri. Shangazi anasisitiza MRI, ile picha ya sumaku. Kwa nini ultrasaundi isitoshe?

Mpiga_Picha
Pole kwa kuuguza, ndugu. Ultrasaundi ndiyo kazi yangu ya kila siku, na naiamini. Haina mionzi, haihitaji sindano, na inaweza kurudiwa wakati wowote. Ila ujue ile asilimia imetoka wapi. Kwa kawaida hatuisomi moja kwa moja kwenye picha, tunaikadiria kwa mwendo wa damu, maana damu ikifika penye wembamba hukimbia. Kwa vigezo ambavyo wataalamu wa Marekani walikubaliana mwaka 2003, kasi ya chini ya sentimita 125 kwa sekunde ni mbano usiofika asilimia 50, 125 hadi 230 ni asilimia 50 hadi 69, na zaidi ya 230 ni 70 kwenda juu.

Kasi hiyo inaweza kupotosha. Karotidi ya upande wa pili ikiwa imeziba, hii iliyobaki hubeba mzigo na kasi hupanda. Mshipa uliokaribia kuziba kabisa, kasi yake hushuka, na asiye makini atadhani hali ni nzuri. Plaki yenye chokaa nyingi nayo hutupa kivuli kinachoficha kilicho nyuma yake.

Nesi_Zamu_ya_Usiku
Kabla ya kubishana picha: ganzi iliyoisha yenyewe ni onyo la kiharusi, na siku za mwanzo ndizo za hatari zaidi. Je, daktari ameshamwanzishia dawa ya kuzuia damu kuganda na ya kushusha kolesteroli? Shinikizo la damu linafuatiliwa? Kama upasuaji wa kuondoa plaki utahitajika, faida yake ni kubwa ukifanyika ndani ya wiki 2 tangu dalili. Kipimo bora kinachopatikana mwezi ujao hakimfai mzee wako. Na dalili zikirudi, hata kwa dakika chache, mkimbizeni hospitali papo hapo.

Kijana_wa_Mzee
Asante dada. Dawa zote mbili ameanza siku ileile.

Darubini
Kuhusu CT: inaonyesha njia yote, kuanzia upinde wa aorta kifuani hadi mishipa ya ndani ya kichwa, na inachukua muda mfupi sana. Ultrasaundi haifiki huko juu wala chini kifuani. Daktari anayefikiria upasuaji anahitaji ramani hiyo. Figo ni hoja ya kweli, basi mwambieni mapema ili aangalie kwanza kipimo cha kreatinini, kile cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi. Dosari nyingine ni kwamba chokaa huonekana imevimba kuliko ilivyo, na mbano ukaonekana mkubwa kupita kiasi.

Tofauti ya 69 na 70 si ya kupuuza. Katika utafiti wa NASCET uliochapishwa 1991, wagonjwa wenye dalili na mbano wa asilimia 70 hadi 99 waliotibiwa kwa dawa tu, asilimia 26 walipata kiharusi upande ule ndani ya miaka 2. Kwa waliopasuliwa ilikuwa asilimia 9.

Mpiga_Picha
Kweli. Na shangazi naye ana hoja. MRI huonyesha damu iliyovuja ndani ya plaki, jambo ambalo sisi hatulioni vizuri, na plaki ya namna hiyo ni hatari hata kama haijabana sana. Picha hiyo haihitaji dawa ya mshipani, kwa hiyo figo zinasalimika. Tatizo ni muda wa kulala kimya ndani ya mashine, na kama ana betri ya moyo lazima waambiwe.

Mdadisi
Mimi sina dalili yoyote. Nipime shingo tu nijue?

Darubini
Hapana, mkuu. Jopo la Marekani la huduma za kinga lilishauri tena mwaka 2021 watu wasio na dalili wasichunguzwe mbano wa karotidi. Majibu ya uongo huwapeleka watu kwenye upasuaji ambao wenyewe unaweza kuleta kiharusi. Pima shinikizo, sukari na kolesteroli, na kama unavuta sigara, acha.

Kijana_wa_Mzee
Nimeelewa. Kesho tunarudi kwa daktari na majibu ya figo. Niulize nini kuhusu ile ultrasaundi?

Mpiga_Picha
Muulize upande wa kulia ukoje, na plaki yenyewe ikoje: nyeusi au nyeupe kwenye picha, uso wake umenyooka au una kidonda. Nyeusi huwa na mafuta au damu ndani, nyeupe ina nyuzi na chokaa na kwa kawaida ni tulivu zaidi. Kama ripoti imetaja asilimia peke yake, omba waongeze hayo.