Ruzuku ya utafiti inadai mauzo ya miaka mitatu? Huu ni uonevu kwa karakana ndogo

Wakuu, nimeshindwa kukaa kimya.

Sisi ni karakana ndogo hapa Dodoma, tunaunda kipima unyevu cha mahindi. Mkulima anapima kabla ya kufunga gunia, anajua kama yameshuka hadi asilimia 13.5 au bado yanataka jua. Yakiingia ghalani mabichi yanaota ukungu, na huko ndiko sumukuvu inakotoka. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma hii hii na Manyara. Hatuundi mdoli.

Tukaomba ruzuku kwenye mfuko mmoja wa umma. Wakataka hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, ushahidi wa mauzo, na cheti cha ubora cha kifaa kile kile tunachoombea hela ya majaribio! Cheti hakitoki bila vipimo vya maabara, na maabara haipimi bure. Aliyeandika masharti haya aliwahi kukanyaga karakana yoyote? Mtu aliye kwenye utafiti hajajua bado kama kitu chake kitakubali. Angekuwa na mauzo ya miaka mitatu angeenda benki, asingewasumbua.

Marekani walitunga sheria 1982: mashirika ya serikali yenye bajeti kubwa za utafiti yatenge fungu kwa ajili ya kampuni ndogo. Lilianzia asilimia 0.2 ya fedha ambazo shirika linawapa watu wa nje wafanye utafiti, likapandishwa hadi 3.2. Awamu ya kwanza unapewa hela kidogo ujaribu kama wazo linawezekana. Likikubali, unaomba awamu ya pili, hela nyingi zaidi. Serikali haidai hisa. Na msiniambie wao ni matajiri, mimi nauliza utaratibu: hata shilingi milioni tano zinaweza kugawiwa hivyo.

Viongozi wa Afrika walikubaliana Khartoum 2006 kila nchi ifikishe asilimia 1 ya pato la taifa kwenye utafiti. Hadi leo karakana inaona nini? Fulana ya maonyesho na picha na mgeni rasmi. Turubai na posho za siku ile moja zingelipia vipimo vyetu vyote!

Nataka majina ya waliopewa yatangazwe, kiasi walichopata, na nani aliwapitisha. Fedha ni za walipa kodi. Kama kuna mdau hapa mwenye karakana ndogo aliyepata bila kumjua mtu ndani, aeleze alipita wapi.