Nizidishe rejesho la nyumba au niweke akiba?

MamaKibamba: Wakuu, nina mkopo wa nyumba, riba 15% ya salio linalopungua, imebaki miaka 12. Kila mwezi nabakiwa na laki tatu. Akiba ya dharura sina, na mama ana kisukari.

Fundi_Tabata: Dada, akiba kwanza! Hela ukishailipa benki hairudi, na ukiugua bado rejesho wanalitaka. Jaza matumizi ya miezi mitatu, rejesho likiwemo. Mfuko wa Ukwasi wa UTT (taasisi ya serikali ya uwekezaji wa pamoja) unafaa, ukitaka hela yako unaitoa ndani ya siku chache.

Mhasibu: Naunga mkono. Ila 15% inauma, akiba ikijaa geukia deni. Kwanza soma mkataba kama kuna tozo ya kulipa mapema, kisha waandikie benki kwamba ziada ipunguze deni la msingi, yaani hela uliyokopa, si riba.

MamaKibamba: Asanteni. Mkataba nausoma leo.